Vitimbi kwa Masikio ya Nyanya: Kicheko, Lafudhi na Macho ya Mzee Ojwang

Ni ada ya wahakiki wetu, wanapolazimika kuitaja michezo ya kuchekesha ya televisheni, kuitaja haraka haraka kisha wakamkimbilia Ebrahim Hussein. Nami nimo katika kundi hilo. Katika insha yangu ya mwaka wa kwanza niliandika kwamba mchezo wa Vitimbi ni vichekesho vyepesi visivyo na uzito wowote wa kifani, na nikapewa alama nzuri. Katika makala haya ninakusudia kuipinga insha hiyo. Aliyenibadilisha si mwananadharia. Ni nyanya yangu, mama yake mama, ambaye kwa muda wa karibu miaka miwili alitazama Vitimbi bila kuona, na hakuna mtu nyumbani aliyejua.

Kwa msomaji ambaye hakukulia Kenya, maelezo machache yatafaa. Televisheni iliingia nchini mwaka 1962. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza, tulikuwa na stesheni moja tu, ya serikali, iliyoitwa Sauti ya Kenya, na ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa KBC. Vitimbi ni mchezo uliozaliwa humo katika miaka ya 1980, ukiwa ndugu wa Vioja Mahakamani. Kiini chake ni mume na mke: Mzee Ojwang, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Mume ana maneno mengi na mke hakubali kushindwa. Wahusika wengine wote, majirani, wageni wasioalikwa, watu wenye njama zao ndogo ndogo, huingia katikati ya ugomvi huo na kuuchochea.

Mimi nimezaliwa miaka ya 2000, stesheni zikiwa nyingi hata mtu hajui aanzie wapi. Lakini televisheni ya nyanya pale Nakuru ilikuwa ile ya mgongo mrefu, na antena yake ilikubali KBC peke yake. Nyingine zote zilikuwa mchele mtupu. Kwa hiyo, ingawa ni mtoto wa karne hii, nililelewa na televisheni ya karne iliyopita.

Siku ya kugundulika ilikuwa hivi. Ilikuwa mwaka 2012, likizo ya Agosti, jioni ambayo bado haijawa usiku, taa hatujawasha. Tumeketi sebuleni, mimi na binamu zangu chini kwenye mkeka, nyanya katika kiti chake, mama mlangoni akichambua mboga. Mzee Ojwang anafoka. Simu ya mama ikalia. Akachukua rimoti, akaiondoa sauti ya televisheni ili asikie anachoambiwa. Picha ikabaki: Ojwang anaendelea kufungua na kufunga mdomo pale pale mbele yetu.

Nyanya akauliza, "Stima imepotea?"

Tukacheka, tukidhani ni mzaha. Si alikuwa bingwa wa mizaha? Mama hakucheka. Aliiweka simu chini bila kuikata, akamwendea, akasimama mbele yake, akainua vidole vitatu. "Mama, hivi ni vingapi?" Nyanya akasema, "Wacha upuzi, niwekee Ojwang."

Baadaye mengi tuliyoyaona kila siku yakapata maana. Kumbe kidole alichokuwa akitumbukiza ukingoni mwa kikombe anapomimina chai hakikuwa tabia mbaya ya wazee. Kumbe kuomba tumsomee Biblia hakukuwa kutupima. Na lile swali lake la kila wakati wa Vitimbi, "Amefanya nini?", halikuwa uzee. Angalia vizuri swali lenyewe. Hakuwahi kuuliza "Amesema nini?" Hata mara moja. Aliuliza amefanya nini, kwa sababu alichosema alikuwa amekisikia kuliko sisi.

Kliniki ya macho ilisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeiva kabisa. Ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, na ajabu ni kwamba unatibika: ile lenzi iliyofifia hutolewa, huwekwa nyingine ya kutengenezwa, na kazi yote haizidi saa moja. Nyanya alikataa. Alikuwa amesikia kwamba jicho hung'olewa likawekwa juu ya meza, likasafishwa, kisha likarudishwa, na hakutaka jicho lake liwekwe juu ya meza ya mtu. Alikataa kwa miezi minane. Miezi hiyo minane ndiyo utafiti wangu, ingawa wakati huo nilikuwa na miaka kumi na sikujua kama nafanya utafiti.

Nilianza, kwa ukorofi wa kitoto, kumtazama nyanya badala ya kuitazama televisheni. Nilitaka kujua anacheka wapi. Alicheka kabla yetu kila Ojwang alipokuwa anaingia, kwa sababu mara nyingi sauti ya mzee yule hutangulia mwili wake. Analalamika akiwa bado nje, na nyanya tayari anajishika mbavu sisi tukiwa tunangoja mlango ufunguke. Alicheka palipokuwa kimya pia. Mama Kayai anapoambiwa jambo la kipuuzi huwa hajibu upesi, huacha pengo. Nyanya alikuwa akicheka ndani ya pengo lile, kabla ya jibu, maana alijua pengo la mwanamke aliyekasirika lina maana gani. Mtu anapoanguka, anapokonyolewa macho, anaponyatiwa kutoka nyuma, nyanya alitulia tu na kungoja. Wala hakungoja sana. Muda si muda mhusika mwingine angelisema kwa mdomo lile lililofanywa: angelalamika kwamba amekanyagwa, angeuliza fulani anaficha nini mgongoni, angetukana kofia ya mgeni. Kisha nyanya naye acheke, sekunde chache nyuma yetu, lakini acheke.

Mwaka huu, kwa ajili ya makala haya, nilirudia jaribio hilo kwa njia ya kisomi kidogo. Vipande vya Vitimbi vipo kwenye YouTube. Nilivisikiliza kwanza nikiwa nimefumba macho, kisha nikavitazama bila sauti. Nikiwa nimefumba macho niliweza kusema wako wangapi chumbani, nani ameketi, nani amenuna, nani ana jambo analolificha. Bila sauti, baada ya dakika tatu sikujua lolote isipokuwa kwamba kuna watu wazima wanaonyosheana vidole. Msomaji anaweza kufanya jaribio lilo hilo kwa mchezo wowote wa siku hizi wenye muziki wa kutisha na nyuso zinazovutwa karibu, aone nini kitabaki masikioni.

Twaweza basi kusema kwamba Vitimbi ni sanaa ya sikio iliyoazimwa picha. Hapa ndipo insha yangu ya zamani ilipopotea njia. Niliipima kwa kipimo cha filamu, nikaona kamera haina la kusema: imesimama mahali pamoja kama askari wa lindo, na watu wanapangwa mbele yake kama wanaopigwa picha ya harusi. Hilo ni kweli, na sitalitetea. Lakini sikujiuliza kama kipimo chenyewe ni sawa. Kipimo kinachofaa kiko katika somo jingine, tunalolisoma asubuhi na kulisahau mchana: fasihi simulizi.

Tunafundishwa kwamba ngano husimuliwa usiku, na kwamba katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kuisimulia mchana. Maelezo tunayopewa huwa ni ya kazi: mchana watu walime. Naam. Lakini hebu fikiria maana yake kwa sanaa yenyewe. Hadithi inayosimuliwa usiku kando ya moto unaofifia inasimuliwa kwa watu ambao hawaoni vizuri. Fanani hawezi kutegemea uso wake. Lazima kila mnyama awe na sauti yake, lazima kila kitendo kitamkwe, lazima kimya kipimwe. Nyanya alikulia katika sanaa hiyo, na alipoanza kupofuka aliikuta tena ndani ya sanduku la KBC. Sisi tulidhani amekwama katika televisheni ya kizamani. Kumbe alichagua kipindi pekee ambacho hakikumhitaji awe na macho.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Vitimbi una upungufu wake, na baadhi ni mkubwa. Visa hujirudia. Mwisho huja ghafla, kama mwandishi ameambiwa muda umekwisha, na mara nyingi kweli muda umekwisha. Mama Kayai, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwigizaji hodari zaidi wa wale wawili, mara nyingi hupewa kazi ya kumjibu mumewe badala ya kuanzisha jambo lake mwenyewe. Nilipomwambia nyanya haya alisema hata nyumbani ndivyo ilivyo, na kwamba mwenye kujibu ndiye hushinda. Hilo ni jibu la mtu aliyeishi. Mhakiki haridhiki nalo, lakini nimeliandika.

Sasa nije kwenye lafudhi, na hapa mambo si mepesi.

Ojwang anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. "Sh" huteleza ikawa "s", sentensi hupanda na kushuka kwa mkokoto wa Nyanza, na hasira ikizidi lafudhi nayo huzidi. Shuleni tuliadhibiwa kwa Kiswahili kama hicho. Je, taifa zima lilikuwa likimcheka Mjaluo? Wapo wanaoshikilia hivyo, na hoja yao haiwezi kupuuzwa, maana vipindi vingi vya vichekesho vilivyofuata vimeifanya lafudhi kuwa kichekesho chote: mtu anafungua mdomo, anakosea herufi, watu wanacheka, basi, hakuna kingine. Huko ni kudhihaki kabila na kukuita sanaa.

Lakini katika Vitimbi ufasaha wenyewe umo ndani ya lafudhi. Ojwang ndiye mwenye maneno makali kuliko wote chumbani. Tunamcheka kwa ukaidi wake, kwa majivuno yake, kwa kujiona mkuu wa nyumba ambayo haiongozi. Na hayo ni ya babu wa kila mtu. Utani wa jadi, kama tunavyojua, una sheria: anayetania lazima awe na haki ya kutania, na anayetaniwa lazima aweze kujibu. Ojwang anaweza kujibu. Ni kipimo kidogo, lakini ningependa wahakiki wa vichekesho vyetu wakitumie.

Nasema mambo si mepesi kwa sababu ya Nakuru. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika nchi hii, na Januari 2008 moto ulifika mtaani kwa nyanya. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka harufu ya moshi na kulala chini ya kitanda. Nyanya, ambaye ni Mluhya aliyeishi na watu wa kila aina, anasimulia kwamba vijana barabarani walitaka kitambulisho kwanza, na asiyekuwa nacho aliambiwa azungumze. Azungumze tu, chochote. Yaani herufi ile ile iliyokuwa ikituchekesha sebuleni, barabarani ilikuwa hukumu. Kwa siku kumi na moja familia moja ya Wajaluo ililala jikoni kwake, na mama wa familia hiyo alikatazwa kufungua mdomo mgeni akija. Nyanya ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote. Ukimwuliza walifanya nini jioni, atakwambia walikaa, wakazima taa, televisheni wakaiwasha kwa sauti ndogo kabisa. Mchezo gani? Habari tupu, anasema, na walitamani sana kusikia mtu akigombana kwa jambo dogo.

Nimeibeba sentensi hiyo kwa muda mrefu. Kutamani kusikia mtu akigombana kwa jambo dogo: sijakutana na maelezo bora ya kazi ya komedi, hata katika vitabu tunavyosomeshwa.

Hebu sasa turudi hospitali. Alikubali mwezi wa Aprili, 2013, baada ya jirani mmoja kupasuliwa na kurudi akisoma namba za matatu. Akalala usiku mmoja na bandeji. Ilipotolewa alimtazama mama kwa muda, akasema amezeeka. Mimi akasema ni mchafu. Tulipofika nyumbani alidai chai na Vitimbi, tukampa vyote viwili, tukakaa wote kumtazama akitazama.

Hakucheka. Alisogea mbele kwenye kiti, akakunja uso. Kisha akasema, "Hii nyumba wamewawekea nani?" Alikuwa akiitazama sebule ya Ojwang. Kwa miaka miwili alikuwa amemjengea mzee huyo nyumba kichwani mwake, nyumba ya mzee mwenye sauti kubwa, na sasa aliona kuta nyembamba za studio, meza moja, viti vichache, pazia. Alisikitika kweli. Jioni ile hakucheka hata mara moja hadi karibu na mwisho, alipoegemea nyuma na kufumba macho. Hapo akaanza.

Nalieleza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna ushahidi bora kuhusu fani ya mchezo wenyewe: mtazamaji aliyerudishiwa macho anayafumba ili aufurahie. Pili, ni kwa sababu ya kuta zile. Nyanya alikuwa mtu wa kwanza katika familia yetu kuuliza wasanii wale wanaishije. Sisi wenye macho tulikuwa tumeziona kuta hizo kwa miaka na hazikutuambia kitu.

Aristotle, katika Poetics, anaeleza kwamba kinachochekesha ni kosa au ubaya usioleta maumivu, na mfano anaoutoa ni kinyago cha mchezo: sura yake imepindika, lakini hakimuumi mtu. Ni maelezo mazuri ya mchezo. Si maelezo ya mchezaji. Nyuma ya kinyago kuna mwili unaozeeka, na katika miaka yake ya mwisho Benson Wanjau, mwenye ile miwani na kofia tulizozijua wote, alipoteza nguvu za macho. Habari zilitangazwa, Wakenya wakachangishana, akatibiwa. Msanii aliyekuwa mgeni wa kila sebule kwa miongo mitatu alihitaji mchango wa umma ili aone.

Nyanya alisikia habari hizo redioni. Aliniita, akanipa noti ya shilingi 200, akaniagiza niende kwa wakala nikaitume. Nilikuwa mtoto wa maswali. Nikamwuliza ni za nini, na huyo mzee si ana watu wake? Akanijibu, "Ni za tikiti. Miaka yote hii nimemtazama bure." Kisha akakumbuka, akacheka mwenyewe: "Na wala sikumtazama."

Mzee Ojwang alifariki tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mwaka huo huo televisheni ya nyanya ilikuwa imezimika, kwa sababu nchi ilihamia mitambo ya dijitali na ile ya mgongo mrefu haikuwa na king'amuzi, kwa hiyo habari tulizisikia kwa jirani, tumesimama mlangoni. Msomaji wa habari akataja jina kamili: Benson Wanjau. Nyanya akageuka kwangu. "Wanjau nani?" Nikamwambia ndiye Ojwang.

Alikaa kimya. Alikuwa akimwita shemeji, msomaji mpenzi, kwa madai kwamba Mama Kayai ni dada yake. Hakuwahi kueleza udada huo ulitoka wapi. Hatimaye akasema, "Kumbe shemeji alikuwa Mkikuyu." Na baadaye, tukirudi nyumbani, kana kwamba alikuwa akiendelea kulifikiria: "Sasa alijifunza wapi kuwa Mjaluo vile?"

Jirani akamjibu kwamba ni kazi yake, ni mwigizaji. Nyanya hakuridhika. Mtu hawezi kuvaa mdomo wa mwenzake kama koti, alisema. Lazima alikaa na watu hao akawasikiliza sana. Sina la kuongeza juu ya uchambuzi huo isipokuwa kuuweka kando ya Januari 2008. Katika mji ule ule ambamo vijana waliwalazimisha watu wazungumze ili wajue nani wa kumpiga, kulikuwa na mzee wa Kikuyu akizungumza Kijaluo-Kiswahili katika televisheni za Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin, na wengi wao hawakujua. Hapa siwezi kudai kwamba sanaa yake ilizuia lolote, kwa kuwa haikuzuia. Lakini mtu anayesema kwamba mchezo ule ulikuwa dhihaka tupu itambidi aeleze kazi hiyo yote ya kusikiliza ilikuwa ya nini.

Lilibaki swali la familia. Nyanya, kama Wakenya wengi, aliamini kwa miaka kwamba Ojwang na Mama Kayai ni mume na mke hata nje ya studio. Hawakuwa. Matangazo ya mazishi yalipomtaja mjane mwenyewe, nyanya alimpa heshima zake, akamwombea. Kisha akauliza, "Na Mama Kayai ataambiwa pole na nani?" Binamu yangu mkubwa akacheka, akaeleza tena kwamba yule ni mke wa kuigiza. Nyanya akasema anaelewa vizuri, macho anayo sasa. Lakini mtu ukigombana naye kila wiki kwa miaka hiyo yote, akifa, umefiwa.

Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamsomea makala haya kuanzia mwanzo. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba alitazama bila kuona, akanisimamisha.

"Hapo umekosea," akasema. "Andika nilikuwa naona mwanga. Ojwang alikuwa upande wa dirisha."

Nikamwambia katika studio ile hakukuwa na dirisha.

"Kwangu lilikuwepo," akasema. "Endelea kusoma."